Benaco Nje ya Kanuni za Mchezo

Nimeurudia, baada ya miaka mingi ya kuuacha, ule mchezo wa kompyuta uitwao Civilization, ambao Sid Meier na wenziwe waliutoa mwaka 1991 na ambao matoleo yake hayajakoma hata leo. Mchezo wa kuendesha dola zamu kwa zamu, mithili ya bao, tangu zama za kale hata zama za roketi. Toleo la nne, la mwaka 2005, hufunguliwa kwa sala ya Baba Yetu, kwa Kiswahili, iliyotiwa muziki na Christopher Tin, nayo ikapata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Na katika la sita Zanzibar imo, ikimtunukia mchezaji aliye mlezi wake karafuu na mdalasini. Mswahili, basi, hana haki ya kunung'unika kwamba amesahauliwa.

Lakini kwa mujibu wa kanuni za mchezo huo, mji huasisiwa na walowezi waliotumwa, na raia wake huzidi polepole kwa kadiri ya chakula kilichomo ghalani. Benaco, wilayani Ngara nchini Tanzania, haikuzitii kanuni hizo. Jina lilitokana na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara ikaenda zake. Kisha, tarehe 28 Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wakaanza kulivuka daraja la Rusumo mpakani, na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikakadiria watu 250,000 ndani ya saa 24: wakulima, wajane, watoto, na miongoni mwao wauaji wa mauaji ya kimbari ya mwaka huo waliokuja pamoja na viongozi wao, wakaketi kambini hapo Benaco kwa mpangilio wa wilaya walizozikimbia. Ghala halikuwapo, chakula kililetwa kwa malori, na kuni zikakatwa vilimani, huku ujangili ukilifikia pori la Burigi upande wa Biharamulo.

Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na UNHCR zikatangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya mwaka kwisha. Maelfu wakajaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, askari wakawageuza kuelekea Rusumo. Katika mchezo mji hutoweka kwa kutekwa na kuteketezwa. Huu, uliowahi kusemwa kuwa wa pili kwa ukubwa nchini, uliondolewa kwa tangazo, na Wahangaza, wenyeji wa Ngara, wakabakiwa na visiki, barabara, na kituo ambacho madereva wa malori ya Kigali hupumzika hata leo.