Mizigo ya mkononi ndegeni: Kwa nini kilo 12 za Nairobi hugeuka kosa ugenini

Abiria aliyefunga sanduku dogo la kilo 12 jijini Nairobi anaweza kuliingiza ndegeni bila kuulizwa neno, kisha akatozwa fedha kwa sanduku lilo hilo katika kituo cha pili cha safari yake. Sanduku halijaongezwa hata leso. Kilichobadilika ni jina la shirika lililoandikwa ubavuni mwa ndege, na pamoja na jina hilo, kiwango cha uzani anachoruhusiwa msafiri kubeba mkononi.

Wanaoumia zaidi ni wale wasafirio mara chache: mwanafunzi anayekwenda masomoni kwa mara ya kwanza, mzazi anayemzuru mwanawe ughaibuni, au mfanyakazi anayerejea nyumbani kutoka nchi za Ghuba akiwa amejaza zawadi za miaka miwili katika begi moja. Hao ndio huonekana wakipiga magoti mbele ya kaunta, sanduku limefunguliwa hadharani, wakivaa koti juu ya koti ili mizani iwahurumie.

Wengi huamini kwamba kipo kiwango kimoja cha kimataifa, na kwamba karani aliyewazuia amekiuka au amekitunga. Hakipo. Hakuna mkataba wala sheria ya dunia inayoamuru mzigo wa mkononi uwe na kilo ngapi. Shirikisho la mashirika ya ndege duniani, IATA, limekuwa likitoa mwongozo wa ukubwa tu, yaani sentimita 56 kwa 45 kwa 25, magurudumu na vipini vikihesabiwa. Mnamo Juni 2015 shirikisho hilo lilijaribu kupendekeza kipimo kidogo zaidi cha sentimita 55 kwa 35 kwa 20, likinuia kuyapatia masanduku yanayotosha alama maalum ya kutambulika popote. Abiria, hasa wa Amerika Kaskazini, waliona kwamba wanalazimishwa kununua masanduku mapya, wakapiga kelele, na katika muda wa siku chache mpango ukasitishwa. Tangu hapo kila shirika limeendelea kuwa na sheria yake.

Tofauti hizo si ndogo. Kwa kanuni zilizokuwa zikitumika mwaka 2025, abiria wa daraja la kawaida katika Emirates, Qatar Airways na Ethiopian Airlines alikubaliwa mzigo mmoja usiozidi kilo 7. Lufthansa na Turkish Airlines ziliruhusu kilo 8. Air France na KLM zilitoa kilo 12, ila ndani ya kilo hizo mlikuwamo pia mkoba mdogo au begi la tarakilishi. Kenya Airways nayo kwa miaka mingi imemruhusu abiria wa daraja hilo kilo 12. British Airways ilikwenda mbali zaidi na kuruhusu hadi kilo 23, kwa sharti kwamba mwenye mzigo aweze kuuinua mwenyewe hadi kabatini bila msaada. Mashirika makubwa ya Marekani, yakiwemo Delta, American na United, hayakuweka kikomo chochote cha uzani kwa safari nyingi. Kilichopimwa ni ukubwa, takribani sentimita 56 kwa 36 kwa 23.

Kutokana na orodha hiyo, mtego wa safari za kuunganisha hujifichua wenyewe. Tiketi moja inaweza kubeba majina ya mashirika mawili au matatu, na mara nyingi shirika lililouza tiketi silo linalorusha ndege. Kwa mzigo wa mkononi, kinachofuatwa kwa kawaida ni kanuni ya shirika linaloendesha ndege husika, wala si ya lile ambalo nembo yake imechapishwa juu ya tiketi. Msafiri mwenye vituo viwili hana budi kufunga mzigo wake kwa kipimo kilicho kidogo kuliko vyote njiani. Aidha, kwa kuwa begi la mkononi huonekana na kupimwa upya kila anapopanda ndege nyingine, kupita salama kituo cha kwanza si hoja anayoweza kuitegemea katika cha pili.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni iwapo kilo hizo tano za ziada zinaweza kweli kuihatarisha ndege. Kwa ndege kubwa, jibu la haki ni kwamba si kwa namna inayodhaniwa. Mashirika hayampimi kila abiria. Hutumia wastani ulioidhinishwa na wasimamizi wa usafiri wa anga. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, zimeziruhusu ndege zenye viti 30 au zaidi kumhesabu kila mtu mzima kuwa ana kilo 84, mzigo wake wa mkononi ukiwemo, na mtoto wa miaka 2 hadi 12 kuwa na kilo 35. Tuseme abiria wote 234 wa ndege aina ya Boeing 787-8 inayotumiwa na Kenya Airways wamezidisha kilo 5 kila mmoja. Jumla ni kilo 1,170. Ndege hiyo inaweza kupaa ikiwa na uzani wa takribani tani 228. Ziada hiyo ni kama nusu ya asilimia moja. Itachoma mafuta zaidi, na kwa shirika linaloruka kila siku gharama hiyo si mchezo, lakini sio itakayoiangusha ndege.

Sababu nyingine ndizo zenye nguvu, na baadhi yake hazisemwi waziwazi kaunta. Kwanza ni makabati yaliyo juu ya viti. Kila kabati limeandikwa uzani linaoweza kustahimili, na ndege inapotikiswa na hewa chafu au kabati linapofunguliwa kwa pupa, sanduku la kilo 15 humwangukia kichwani abiria asiye na hatia aliyeketi upande wa njia. Wahudumu nao hujeruhika migongo na mabega kwa kuinua mizigo isiyo yao. Pili ni wakati. Abiria mmoja anayehangaika kusukumiza begi lisiloenea huzuia foleni nzima, na ndege iliyosimama chini haiingizi chochote.

Tatu ni fedha. Mnamo 2008, bei ya mafuta ilipopanda, American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa sanduku la kwanza linalopelekwa tumboni mwa ndege, huduma ambayo awali ilikuwa bure kwa abiria wake wengi. Mashirika mengine yakaiga. Abiria nao wakajibu kwa njia waliyoijua: wakahamishia mizigo yao mikononi, na makabati yakafurika. Kufikia 2010 shirika la Spirit, la papo hapo Marekani, lilikuwa limeanza kutoza hata begi la kabatini. Ni vigumu kuamini kwamba mashirika yaliyowasukuma abiria kubeba mizigo mkononi, kisha yakawatoza kwa kuibeba, yalikuwa yakifikiria usalama peke yake.

Barani Ulaya suala hilo limefika mahakamani. Mnamo Septemba 2014, katika kesi iliyolihusu shirika la Vueling la Uhispania, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba shirika lina ruhusa ya kutoza ada kwa mzigo unaokabidhiwa kaunta, lakini mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya kumsafirisha mtu, hivyo usitozwe ada ya ziada maadamu uzani na ukubwa wake ni wa kiasi na umetimiza masharti ya usalama. Maneno hayo "wa kiasi" ndiyo yaliyoacha mlango wazi, kwani mahakama haikutaja kilo wala sentimita. Mnamo Novemba 2024 serikali ya Uhispania iliyatoza mashirika matano ya nauli nafuu, Ryanair ikiwa miongoni mwayo, jumla ya yuro milioni 179 kwa makosa yaliyojumuisha kutoza mabegi ya mkononi. Mashirika hayo yalipinga.

Mambo hubadilika kabisa mtu akitoka uwanja wa Jomo Kenyatta akaingia ule wa Wilson. Hapo ndipo kilo huwa kilo kweli. Ndege nyingi zinazowapeleka watalii Maasai Mara, Amboseli au Samburu ni ndogo, na mojawapo inayojulikana mno ni Cessna Caravan, ambayo uzani wake wote wakati wa kupaa, ikiwa na mafuta, rubani, abiria na mizigo, ni karibu kilo 4,000 tu. Abiria 12 wakizidisha kilo 5 kila mmoja, ni kana kwamba mtu wa kumi na tatu amepanda bila tiketi na bila kiti.

Isitoshe, Wilson iko takribani mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vingi vya Mara navyo viko mita 1,500 au zaidi. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la adhuhuri huifanya nyepesi zaidi. Mabawa hupata kani ndogo ya kuinua, injini nayo hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuondoka ardhini. Kiwanja chenyewe huwa cha changarawe au nyasi, kifupi, pengine na pundamilia pembeni. Hii ndiyo maana kampuni za safari hizo zimezoea kuweka kikomo cha kilo 15 kwa jumla, mzigo wa mkononi ukiwa ndani ya hesabu, na kusisitiza mabegi laini yasiyo na fremu ngumu. Mizigo hupangwa katika sanduku lililo chini ya tumbo la ndege, ambalo halina nafasi ya kulaza sanduku kubwa la magurudumu. Rubani akikataa begi hapo, kubishana naye kwa kutaja ukarimu wa shirika jingine ni kazi bure.

Ajali iliyowafundisha wasimamizi wa Marekani somo hili ilitokea tarehe 8 Januari 2003 mjini Charlotte, jimbo la North Carolina. Ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900 ilianguka mara tu baada ya kupaa, na watu wote 21 waliokuwamo wakafariki. Wachunguzi walibaini kwamba nyaya zinazoongoza usukani wa mkiani zilikuwa zimerekebishwa vibaya karakanani. Hata hivyo walibaini jambo la pili: ndege ilikuwa imezidi uzani, na mzigo wake umeelemea nyuma, ilhali katika makaratasi hesabu zilionekana sawa. Wastani uliotumika ulikuwa umepitwa na wakati. Wamarekani walikuwa wamenenepa, na mabegi yao pia. Mwaka uo huo wastani huo ulipandishwa.

Yapo pia yanayohusu begi baada ya kukubaliwa. Tarehe 3 Agosti 2016 ndege ya Emirates ilianguka wakati wa kutua Dubai na kushika moto. Watu wote 300 walitoka, ingawa zimamoto mmoja alipoteza maisha, lakini picha zilizopigwa ndani zilionyesha abiria wakifungua makabati kutafuta mabegi huku moshi ukitanda. Mnamo Januari 2, 2024, ndege ya Japan Airlines iliyogongana na ile ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo, iliteketea kabisa. Watu wote 379 waliokuwa katika ndege hiyo ya abiria walinusurika, na iliripotiwa kwa mapana kwamba waliacha mizigo yao nyuma.

Jambo linalopaswa kumshughulisha msafiri zaidi ya mizani yenyewe ni kile kinachotokea begi likikataliwa mlangoni. Makabati yakijaa, au mzigo ukizidi, wahudumu hulifunga lebo na kulipeleka tumboni mwa ndege. Kabla halijaondoka mikononi, yapo ya kutoa: pasipoti na hati nyingine, fedha, funguo, dawa za kila siku, na betri za akiba. Hizi za mwisho si suala la hiari. Betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya kifaa, zikiwemo pawabenki za kuchajia simu, haziruhusiwi kabisa katika sehemu ya mizigo, kwa kuwa zikiwaka moto huko hakuna wa kuuzima mapema. Hukubaliwa ndani ya chumba cha abiria zikiwa hazizidi wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Anayetaka kujua ya kwake huzidisha miliampia-saa zilizoandikwa kwa 3.7, kisha hugawanya kwa 1,000. Pawabenki ya 20,000 hupata wati-saa 74.

Mnamo Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan iliungua ingali chini katika uwanja wa Gimhae nchini Korea Kusini, na wachunguzi walisema yaelekea moto ulianzia katika pawabenki iliyokuwa kabatini. Kuanzia Oktoba 1 mwaka huo, Emirates iliwazuia abiria kutumia pawabenki wakiwa angani na ikapiga marufuku kuziweka makabatini.

Lebo hiyo ya mlangoni hubadilisha pia haki za mwenye begi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama, shirika huwajibika kwa mzigo uliosalia mkononi mwa abiria pale tu hasara inapotokana na kosa la shirika au la watumishi wake. Mzigo ukishakabidhiwa, shirika hubeba dhamana ukipotea au kuharibika ukiwa chini ya ulinzi wake, isipokuwa kasoro ilikuwa ya mzigo wenyewe. Kikomo cha fidia kwa kila abiria kilipandishwa Desemba 28, 2024 hadi vipimo 1,519 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha Duniani, ambavyo ni karibu dola 2,000. Abiria sharti ahifadhi kipande cha lebo alichopewa. Akikuta begi limeharibika, ana siku 7 tangu alipolipokea kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, ana siku 21 tangu siku aliyokabidhiwa. Na haki ya kwenda mahakamani hukoma baada ya miaka 2.