Namba Ileile, Maana Tofauti: Mashine ya Kupumulia na Presha

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si kutibu watu. Lakini kuna kisa kimoja cha chumba cha upasuaji ambacho naona kila mwanaprogramu anafaa kukijua. Kinahusu namba kwenye skrini ambayo maana yake inategemea mpangilio wa mashine nyingine kabisa.

Tuanzie 1873. Mwaka huo daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza habari za wagonjwa ambao mpigo wa mkononi ulififia au kupotea kila walipovuta pumzi, ilhali moyo uliendelea kupiga. Kumbe pumzi na presha hukaa nyumba moja: moyo na mapafu vyote vimo kifuani.

Ukipumua mwenyewe, kifua kinapanuka, shinikizo ndani yake linashuka, hewa inaingia na damu inavutwa kurudi moyoni. Mashine inafanya kinyume. Inasukuma hewa ndani, shinikizo kifuani linapanda, na damu inayorudi moyoni inapungua. Mwaka 1948 André Cournand na wenzake huko New York walionyesha kwamba kusukuma hewa hivi kunaweza kupunguza damu inayotolewa na moyo. Hata hivyo, njia yenyewe iliokoa watu. Polio ilipolipuka Copenhagen mwaka 1952, daktari wa nusukaputi Bjørn Ibsen aliitumia, na wanafunzi wa udaktari wakawa wanakamua mifuko ya hewa kwa mkono usiku na mchana.

Basi presha ya mgonjwa aliye kwenye mashine inapanda na kushuka kwa kila pumzi. Je, huko kupanda na kushuka kunaweza kutuambia kitu? Mwaka 1987 Azriel Perel na wenzake nchini Israel walipima mbwa waliopunguzwa damu, wakaona mabadiliko hayo yanakua kadiri damu inavyopungua. Mwaka 2000 Frédéric Michard na wenzake nchini Ufaransa walipima pengo kati ya presha ya juu na ya chini. Pengo hilo likibadilika kwa asilimia 13 au zaidi katika pumzi moja, kumwongezea mgonjwa maji ya mshipani kwa kawaida kulisaidia moyo. Monita zikaanza kupiga hesabu hiyo zenyewe. Safi sana!

Sasa tatizo. Mwaka huohuo wa 2000, utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoumia vibaya ulilinganisha pumzi kubwa (mililita 12 kwa kilo) na ndogo (mililita 6). Vifo vilikuwa asilimia 39.8 kwa pumzi kubwa na 31 kwa ndogo. Mwaka 2013 utafiti wa Ufaransa kwa wagonjwa 400 wa upasuaji wa tumbo nao ukaunga mkono pumzi ndogo. Madaktari wakapunguza pumzi, na ni vyema walifanya hivyo.

Lakini Daniel De Backer na wenzake nchini Ubelgiji walikuwa wameonyesha mwaka 2005 kwamba ile namba inaaminika pale tu pumzi inapofika angalau mililita 8 kwa kilo. Tuseme mgonjwa anahesabiwa kilo 70: mililita 8 kwa kilo ni 560, mililita 6 ni 420. Msukumo ukiwa mdogo, presha nayo inatikisika kidogo. Skrini inaonyesha asilimia 8, kila mtu anatulia, kumbe mgonjwa amepoteza damu nyingi. Hakuna kilichoharibika, na hakuna ujumbe wa hitilafu.

Jibu lililotolewa India mwaka 2017 na Sheila Myatra na wenzake lingempendeza fundi yeyote. Pandisha pumzi kutoka mililita 6 hadi 8 kwa dakika moja, kisha uirudishe. Namba ikiongezeka kwa pointi 3.5 au zaidi, huenda maji yakasaidia. Yaani unaugusa mfumo kwa kipimo unachokijua, halafu unaangalia unavyojibu.

Kwa hivyo wewe unayetengeneza skrini za kuonyesha namba, onyesha pia namba hiyo imepatikana katika hali gani. Kwenye tovuti ya duka ukisahau, mtu atapata hasara. Chumba cha upasuaji, mgonjwa amelala na hawezi kusema kwamba namba inadanganya.