Seattle SuperSonics: Msimu wa mwisho wa timu iliyohamishwa

Seattle SuperSonics ilicheza mpira wa kikapu katika ligi ya NBA ya Marekani kwa miaka 41, kuanzia 1967 hadi 2008. Ilitwaa ubingwa mara moja, mwaka 1979, na mwaka 1996 ikafika fainali na kushindwa na Chicago Bulls ya Michael Jordan. Msimu wake wa mwisho ulimalizika kwa ushindi wa michezo 20 na vipigo 62, rekodi mbaya kuliko zote katika historia yake. Hata hivyo, si vipigo hivyo vilivyoiondoa mjini.

Chanzo kilikuwa ukumbi. Mmiliki wa awali, Howard Schultz wa kampuni ya kahawa ya Starbucks, alilalamika kwamba KeyArena ilikuwa ndogo na mapato yake hayatoshi. Mwaka 2006 aliiuza klabu kwa dola milioni 350 kwa wafanyabiashara wa Oklahoma City wakiongozwa na Clay Bennett. Wanunuzi hao waliomba ukumbi mpya wa takriban dola milioni 500, sehemu kubwa ikigharamiwa na kodi za wananchi. Wabunge wa jimbo la Washington hawakukubali, na tangu hapo wengi waliona kwamba safari imekwishapangwa.

Uwanjani, klabu ilianza kujibomoa kabla msimu haujaanza. Mfungaji wake mkuu, Ray Allen, alipelekwa Boston Celtics, naye Rashard Lewis akaenda Orlando Magic. Matumaini yote yakawekwa mabegani mwa kijana wa miaka 19, Kevin Durant. Chini ya kocha P.J. Carlesimo, timu ilipoteza michezo yake minane ya mwanzo. Machi 16, 2008, Denver Nuggets iliichapa pointi 168 kwa 116. Durant alifunga wastani wa pointi 20 kwa mchezo na kutangazwa mchezaji chipukizi bora wa mwaka, tuzo iliyowapa mashabiki furaha yenye uchungu: nyota wao alikuwa anakomaa kwa ajili ya mji mwingine.

Mchezo wa mwisho nyumbani ulifanyika Aprili 13 dhidi ya Dallas Mavericks. Mashabiki waliimba wakitaka timu yao iokolewe, nayo ikashinda 99 kwa 95. Siku tano baadaye, wamiliki wa klabu za NBA waliidhinisha uhamisho kwa kura 28 dhidi ya 2.

Mji wa Seattle ulikuwa umekwenda mahakamani, kwa kuwa mkataba wa pango la KeyArena ulikuwa ukiendelea hadi 2010. Julai 2, saa chache kabla ya hukumu, pande mbili zilipatana: klabu ilikubali kulipa dola milioni 45 na kuondoka mara moja.

Wiki moja tu kabla ya hapo, SuperSonics ilikuwa imemteua Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville. Hakuwahi kuvaa jezi ya Seattle. Alipata umaarufu akiwa na Oklahoma City Thunder, jina jipya la klabu hiyo. Mtanzania Hasheem Thabeet naye alijiunga na Thunder mwaka 2012, baada ya kuanzia Memphis Grizzlies, timu nyingine iliyohama, ikitokea Vancouver mwaka 2001.

Kisa hiki kina uzito pia Kigali, ambako ukumbi wa BK Arena wenye nafasi ya watu wapatao 10,000, uliopo Remera, si mbali na makutano ya Sonatubes, ulipokea msimu wa kwanza wa ligi ya BAL mwaka 2021. Rwanda ilijenga ukumbi ambao Seattle ilikataa kuugharamia. Lakini klabu zake zina utegemezi wa namna nyingine: REG ni timu ya shirika la umeme na APR ni ya jeshi. Ni vigumu kuziuza na kuzihamishia mji mwingine, ila uhai wao umo katika bajeti ya taasisi, wala si katika tiketi za mashabiki.

Katika mapatano yale, Seattle ilibakiziwa jina la SuperSonics na rangi zake za kijani na dhahabu, ili zitumike iwapo timu nyingine itapatikana. KeyArena ilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2021, kwa ajili ya timu ya mpira wa magongo wa barafuni.