Stakabadhi za Babu: Habari za Kodi na Hesabu za Serikali katika Homa Bay na Migori

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa na kopo la majani ya chai ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Mimi nilidhani limejaa fedha. Siku moja, nilipokuwa nimekua kidogo, alilifungua mbele yangu, nami nikaona ndani yake karatasi kuukuu, zilizokunjwa kwa uangalifu. Zilikuwa stakabadhi za kodi. Akanieleza kuwa katika siku za ukoloni mtu aliyekutwa bila stakabadhi yake aliweza kushikwa na kupelekwa mbele ya hakimu. Ndiyo sababu alizitunza kama roho yake. Nikamwuliza, "Babu, na fedha hizo zilifanya kazi gani?" Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, hilo hawakuliandika."

Neno hilo la mzee ndilo mlango wa somo letu. Kila serikali ina mapato na matumizi. Kabla ya mwaka kuanza, huketi na kukadiria fedha zitakazoingia na kazi zitakazofanywa kwazo, na makadirio hayo ndiyo tuyaitayo bajeti. Kila mama wa nyumba aijua kazi hiyo: ahesabu alichonacho, atenge cha chakula, cha karo na cha dawa, na kikipungua, ama ajinyime ama akope. Lakini ipo tofauti moja kubwa. Nyumbani, mwenye fedha ndiye azitumiaye. Serikalini, azitumiaye si mwenyewe, amekabidhiwa tu. Kwa hiyo wahenga walisema kweli waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na tuone sasa jinsi watu wa nchi yetu walivyoanza kwa kutoa mali, na jinsi walivyongoja miaka mingi kabla ya kuonyeshwa daftari.

Hadi mwezi wa Machi 1902, nchi ya Nyanza ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo ikahamishiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Nchi ambayo leo ni Homa Bay na Migori, pamoja na ile ya Kisii, ikawekwa katika wilaya moja iliyoitwa Kavirondo Kusini. Himaya ilikuwa imekwisha kutunga kanuni za kodi ya nyumba mwaka wa 1901. Kodi hiyo haikuwa ya mpangaji kumlipa mwenye nyumba. Ilikuwa ya mtu kuilipa serikali kwa ajili ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Katika desturi ya Waluo kila mke hupewa nyumba yake, basi mume wa wake watatu alidaiwa nyumba tatu. Mwaka wa 1910 ikaja kodi ya kichwa, ili vijana wasio na nyumba nao wasiponyoke. Mtu asiyekuwa na fedha alilazimika kuuza mbuzi wake, au kwenda kufanya kazi ya mshahara mbali na kwao. Na hilo ndilo walilolitaka walowezi, maana mashamba yao yalihitaji mikono. Hivyo kodi moja ilifanya kazi mbili: ilijaza hazina, nayo ilitoa vibarua.

Je, nani aliamua matumizi ya fedha hizo? Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka wa 1907, lakini Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia humo hadi mwaka wa 1944. Watu wa Nyanza Kusini walimpeleka mjumbe waliyemchagua wenyewe, Lawrence Oguda, mwaka wa 1957. Basi toka 1901 hata 1957 ni miaka 56 ya kulipa bila kuchagua msemaji. Walowezi, kwa upande wao, walikuwa na sauti katika baraza, nao waliitumia: kodi ya mapato iliyojaribiwa baada ya Vita Kuu ya kwanza iliondolewa mwaka wa 1922, wala haikurudi mpaka 1937.

Msidhani, hata hivyo, kwamba wazee wetu walinyamaza. Kufikia mwaka wa 1921 kodi ilikuwa imepandishwa hata shilingi 16, na huku mishahara ikipunguzwa. Tarehe 23 Desemba mwaka huo, watu wengi walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, wakaunda chama kilichoitwa Young Kavirondo Association. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu, Jonathan Okwiri. Watu walikiita Piny Owacho, maana yake, nchi imesema. Walilalamikia kipande, kazi za kulazimishwa, na kodi. Mwaka wa 1922 kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Mwaka uliofuata chama hicho, kwa uongozi wa kasisi Walter Owen, kikageuzwa kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Liangalieni sana jina hilo. Watu hawa walijitambulisha kwa kile walichokitoa, maana waliona kuwa anayetoa ana haki ya kuuliza.

Serikali nayo ikatambua kuwa yafaa kuwapa watu nafasi kidogo. Sheria ya mwaka wa 1924 ikaruhusu mabaraza ya wenyeji, yaliyoweza kutoza ada zao juu ya kodi ya serikali, na kuzitumia kwa shule, barabara na zahanati. Mkuu wa wilaya ndiye aliyekuwa mwenyekiti, wala neno lake halikupuuzwa. Lakini kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuonyesha jengo la shule na kusema, "Hii ni shilingi yangu."

Baada ya Uhuru wa 1963, kazi hizo zikawa mikononi mwa mabaraza ya kaunti. Shida ikawa kwamba kazi zilikua upesi kuliko mapato. Mabaraza mengi yakashindwa kuwalipa walimu kwa wakati. Bunge likapitisha sheria mwaka wa 1969, na tangu Januari 1970 shule za msingi, afya na barabara zikarudishwa kwa serikali kuu, pamoja na ile kodi iliyokuwa tegemeo la mabaraza. Kwa miaka zaidi ya 40 aliyetaka kujua habari za daraja la kijijini kwake alipaswa kutazama Nairobi.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iligeuza mambo. Iliunda kaunti 47, na Homa Bay na Migori zikawa mbili kati yake, kila moja ikiwa na wadi 40. Imeamuru kwamba kaunti zote kwa jumla zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Juu ya fungu hilo, kaunti hukusanya ada zake, kama vile za masoko, leseni na maegesho ya magari. Katika kifungu cha 201 imeandikwa kuwa mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, na wananchi washirikishwe.

Kazi hiyo ina majira yake, kama kilimo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwisho wa Februari serikali ya kaunti hupeleka kwa wawakilishi waraka wa mwelekeo wake. Kufikia tarehe 30 Aprili hupeleka makadirio yenyewe, na kabla ya Juni kwisha lazima yapitishwe. Msimamizi wa Bajeti ndiye aidhinishaye fedha kutolewa, na Mkaguzi Mkuu huzikagua hesabu mwaka ukiisha. Asiyefika mkutanoni kabla ya makadirio kupitishwa, akaja kulalamika mwezi wa Septemba, ni kama mkulima apandaye mvua ikiwa imekwisha.

Mwaka mmoja niliwachukua wanafunzi wangu wa ualimu kwenye mkutano wa namna hiyo katika wadi moja. Viti vingi vilikuwa vitupu. Mwanafunzi mmoja akasimama, akauliza zahanati iliyoandikwa katika makadirio ya mwaka uliopita ilijengwa wapi. Ofisa akapekua karatasi zake kwa muda mrefu, kisha akaahidi kuleta jibu. Hata leo jibu halijaja. Lakini swali lile limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano, na mwanafunzi yule huenda kila mwaka kuliuliza tena.

Babu hayupo tena, ila kopo lake ninalo. Kila stakabadhi iliyomo yaonyesha kiasi alichotoa, na hakuna hata moja ionyeshayo kilienda wapi. Ninyi mnaosoma kitabu hiki mnayo haki aliyoikosa. Daftari sasa lafunguliwa kila mwaka, nendeni mkalisome.