Chembe laini mno za moshi wa magari, upimaji wa

Chembe zenye kipenyo kisichofika nanomita 100 huhesabiwa, kwa kuwa karibu hazina uzito wala haziuzibi mwanga. Kipima weusi wa moshi kinaweza kuipitisha matatu ya dizeli ya Embu–Meru huku ekzosi ikizimwaga kwa mabilioni pale Chuka. Kihesabio huzipitisha katika mvuke wa alkoholi, zikanenepa kuwa matone, kisha leza ikayahesabu moja moja. Wapo wanaosema dizeli ya salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni nchini Kenya tangu 2015, yatosha. Haitoshi: salfa ikipungua, masizi ya uchomaji hubaki. Gharama nayo si kisingizio. Uholanzi tangu 2023 hukagua kwa kuhesabu chembe vichujio vya masizi vya magari ya dizeli, gari likiwa limesimama, injini ikinguruma.