Mwakeye, umuti, mtwale: maana ya neno inatafutwaje?

Ukifika Kasulu asubuhi utasalimiwa "Mwakeye!" Ukimuuliza mwenyeji maana yake atakujibu haraka: "Ni habari za asubuhi." Amejibu sawa, ila hajamaliza. Ndani ya salamu hiyo kuna kitenzi cha kupambazuka, ndugu wa kile tunachokitumia kwenye Kiswahili tunaposema "kumekucha". Yaani Muha anakusalimu kwa kukutajia kwamba kumekucha nawe upo. Sasa basi, maana ya "mwakeye" ni ipi: kucha au salamu?

Swali hili linaonekana dogo, lakini wanaisimu wamehangaika nalo kwa zaidi ya karne moja. Nyanda za juu za Kigoma zinafaa sana kulifuatilia, kwa sababu kule Kasulu na Kibondo Kiha, Kirundi na Kiswahili vinakutana kila siku: sokoni, darasani, zahanati. Na kama tutakavyoona, kule maana ya neno inaweza kukuletea matatizo makubwa kuliko kufeli mtihani.

Enzi ya orodha

Mwanzoni kazi ilikuwa ya orodha. Msafiri au mmisionari alionyesha kitu kwa kidole, akauliza "hii mnaitaje?", mara nyingi kupitia mkalimani wa Kiswahili, akaandika jibu. Orodha za namna hiyo zilikusanywa sehemu nyingi za Afrika katika karne ya 19. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek alianza kuchapisha sarufi yake linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika, na jina "Bantu" likashika. Mwaka 1948 Malcolm Guthrie, mwalimu wa chuo kikuu London, alizipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba. Katika mpango wake Kinyarwanda ni D61, Kirundi ni D62 na Kiha ni D66. Miaka ya 1950 Mmarekani Morris Swadesh akaja na orodha fupi ya maneno ya msingi kama jicho, maji na jiwe, ili mtu ahesabu yanayofanana na kukadiria undugu wa lugha.

Tusiidharau kazi hii. Bila orodha tusingejua kwamba "-cha" ya Pwani na "mwakeye" ya Kasulu zimetoka kwenye mzizi mmoja. Lakini orodha ina masharti yake: kila neno lipewe maana moja, tena iandikwe kwa lugha ya muulizaji. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Mti unaotibu

Chukua mzizi "-ti". Kwenye Kiswahili "mti" ni ule unaoota, na "kiti" ni cha kukalia. Nenda kwenye Kirundi na ndugu zake, Kiha kikiwemo: "igiti" ndio mti, na "umuti" ni dawa! Mzizi umebaki uleule, viambishi vya ngeli vinafanana, lakini maana zimehamana. Ukiangalia kwa makini, Kiswahili chenyewe bado kina kumbukumbu ya jambo hilo. Mganga anayetibu kwa "miti shamba" hauzi mbao.

Au chukua "gusoma" ya Kirundi. Ni kusoma kitabu kama kwetu, lakini pia ni kunywa funda la kinywaji. Anayejifunza Kiswahili akitokea kwenye Kirundi anaweza kuomba "asome" maji kidogo, na mwenyeji wa Dar es Salaam akabaki anamtazama.

Mwaka 1953 Uriel Weinreich alitoa kitabu kuhusu lugha zinazokutana, akaeleza kinachotokea kichwani mwa mtu wa lugha mbili. Wengine wanaliweka neno jipya juu ya neno la zamani na kulifikia kwa kupitia hilo la zamani. Wengine wana hazina moja ya maana yenye majina mawili. Wengine wana hazina mbili kamili. Mtoto wa Kibondo anayeingia darasa la kwanza na Kiha chake mara nyingi anaanza na njia ile ya kwanza. Akisikia "mti" akafikiria dawa, hajakosa akili. Anafanya kile ambacho kila mwanafunzi wa lugha hufanya: anatumia maana aliyonayo mpaka apate nyingine. Mwalimu anayelijua hili atamrekebisha tofauti na mwalimu asiyelijua.

Neno na wenzake

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1923. Bronisław Malinowski, aliyewahi kuishi kwenye visiwa vya Trobriand huko Pasifiki, aliandika kwamba hakuweza kutafsiri maneno ya wenyeji mpaka aeleze nani alikuwa anasema, wapi, na wakifanya nini. Pia alionyesha kwamba maneno mengi hayapeleki habari yoyote. Kazi yake ni kujenga ujirani tu. Rudi sasa kwenye "mwakeye". Anayekusalimu hakupi taarifa ya jua, anakutambua kama mtu. J. R. Firth wa London aliendeleza wazo hilo, akisisitiza kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo.

Kwa Kiha, hatua hizi zote mbili zinaonekana kwenye vitabu. Mwaka 1992 Mjapani Hiroshi Nakagawa alichapisha msamiati wa Kiha uliopangwa kwa mada. Mwaka 2004 Lotta Harjula wa Finland akatoa kitabu chenye sarufi, msamiati na pia matini. Matini ndiyo inayokuwezesha kuliona neno likiwa kazini pamoja na wenzake.

Nani mtawala, nani mtwale?

Kupuuza mazingira ya neno kuna gharama. Buha ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja na mwami wake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko. Wajerumani walizoea kuwaita watawala wa namna hiyo "sultani", neno la Pwani lenye asili ya Kiarabu. Waingereza wakaja na neno lao la machifu. Kila jina lilibeba picha ya kwao na kuacha nje sehemu ya uzito wa mwami. Katika miaka ya 1950 Heru ilikuwa chini ya Theresa Ntare, mwanamke, naye aliitwa mwami. Kiswahili kingetulazimisha tuchague kati ya mfalme na malkia.

Chini ya mwami walikuwapo watwale. Ukisikia "mtwale" unafikiria "mtawala", si ndiyo? Kumbe hayana undugu. "Tawala" imetoka Kiarabu. "Mtwale" ni la kitenzi cha Kibantu ambacho kwenye Kirundi ni "gutwara", kubeba na pia kuongoza, na ambacho kwenye Kiswahili kimebaki kama "twaa". Sauti zimekaribiana kwa bahati tu.

Neno linapogeuka kitambulisho

Hadi vita vya kwanza vya dunia, Buha na Urundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Wabelgiji waliziteka mwaka 1916. Mwaka 1921 wakawakabidhi Waingereza eneo la Kigoma na wao wakabaki na Urundi. Mpaka ukawekwa kati ya watu wanaoelewana bila mkalimani. Baadaye wakaja wakimbizi: Warundi mwaka 1972, 1993 na 2015, na Wakongo ambao kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1996.

Ndiyo maana Waha wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wakizungumza Kiha wanashukiwa kuwa Warundi. Anayewapima kwa sikio anafanya kosa lilelile la orodha: maneno yamefanana, basi watu ni wamoja. Ulaya nayo ilianza kuchunguza lugha za waomba hifadhi ili kujua walikotoka, na mwaka 2004 kundi la wanaisimu lilitoa mwongozo wa tahadhari. Lilieleza kwamba lugha inaonyesha mtu amekulia katika jamii gani, na kwamba si kipimo cha uraia. Pia lilisema kazi hiyo wafanye wataalamu, wasiachiwe watu kwa sababu tu wanaijua lugha.

Aliyekulia Kasulu atakuambia "mwakeye", na Mrundi atakuambia "mwaramutse". Lakini Muha aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, au aliyefanya biashara na Warundi maisha yake yote, anaweza kuzisema zote mbili bila kufikiri. Salamu hizo zitakuonyesha aliishi na nani. Cheti chake cha kuzaliwa inabidi ukitafute kwingine.