Mto Nao Hunywa

Jina Nairobi tulipewa na Wamaasai: Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilifika hapa 1899, mji ukaanza kunywa mto wake. Mji ukakua, mto ukachafuka, tukaanza kufuata maji mbali: Sasumua mwaka wa 1956, Ndakaini 1994, na sasa handaki la karibu kilomita 12 linalochota mito ya Maragua, Gikigie na Irati kule Murang'a.

Wenyeji waliogopa mito itakauka. Serikali ikasema itachukua maji ya mafuriko tu.

Sheria pia iko upande wa mto. Tangu 2002, Sheria ya Maji inataka akiba iwekwe kwanza: maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu, na ya viumbe wa mtoni. Kinachobaki ndicho hugawanywa.

Mimi naishi kwa mitungi. Mfereji ukitoa hewa siku ya nne, sitaki kusikia habari za samaki. Lakini nyuma ya ploti yetu unapita ule mto uliotupa jina, na hakuna anayeteka hapo. Tukimaliza na Maragua, tutaenda kwa nani?